Ninajinyonyoa nywele na siwezi kuacha: jibu kwa msomaji

Swali: "Mshauri, shikamoo. Nina umri wa miaka 31, nimeolewa na nina binti wa miaka 4. Tangu nikiwa na miaka 12 ninajinyonyoa nywele za utosini, na miaka ya karibuni nimehamia pia kwenye nyusi. Mara nyingi sijui hata nimeanza saa ngapi. Nakuja kushtuka nywele zimejaa mapajani. Wakati mwingine naung'ata ule mzizi mweupe. Nimeapa kuacha mara nyingi, nikakaa wiki mbili au tatu, halafu usiku mmoja nikaharibu kila kitu. Mume wangu anajua tu kwamba nywele zangu ni dhaifu. Sasa binti yangu naye ameanza kusokota na kuvuta nywele zake anaposinzia. Je, nina ugonjwa wa akili? Na kuna dawa?"

Jibu: Marahaba, dada. Unayoyaeleza ni hali inayotambulika kitabibu, nayo huitwa trikotilomania, jina lililotolewa mwaka 1889 na daktari wa ngozi wa Ufaransa, François Henri Hallopeau, alipoandika habari za kijana mmoja aliyekuwa aking'oa nywele zake kwa mafungu. Inakadiriwa kwamba mtu 1 au 2 katika kila 100 anaishi nayo, na mara nyingi huanza wakati wa kubalehe, kati ya miaka 10 na 13, kama ilivyokuanza wewe. Mwaka 2013, mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani uliihamishia kwenye kundi la ugonjwa wa fikra na vitendo vya kujirudiarudia, na uainishaji wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unaiweka pamoja na tabia ya kujichubua ngozi. Kwa hiyo, ndiyo, ni suala la afya ya akili, kwa maana ileile ambayo wasiwasi uliopitiliza ni suala la afya ya akili. Anayeishi nalo hajarukwa na akili. Anafanya kazi, analea watoto na kuamua mambo yake kama mtu mwingine yeyote.

Katika barua yako kuna maneno mawili ambayo yamenisimamisha: "nimeapa" na "nikaharibu kila kitu". Yananionyesha kwamba kwa karibu miaka 20 umepambana kwa silaha moja tu, yaani utashi, na umejipima kwa kipimo kimoja tu, yaani idadi ya siku zilizopita bila kunyonyoa. Kiapo kinamhitaji mtu aliye macho ili kitekelezwe, ilhali mkono wako, kwa maelezo yako mwenyewe, huanza kazi kabla wewe hujajua. Ndiyo sababu watu wenye msimamo thabiti katika mambo mengine yote ya maisha hushindwa katika hili, kisha wakajihesabu wanyonge bure. Juhudi inayozaa matunda ni ile inayofanyika mapema, kabla kidole hakijagusa unywele, na sehemu kubwa ya jibu langu itahusu hapo.

Kwanza, hata hivyo, kuna mambo mawili ya kitabibu ambayo sipendi uyaruke. Nenda kwa daktari wa ngozi angalau mara moja. Mabaka ya upara yanaweza kusababishwa na mapunye, ambayo ni maambukizi ya fangasi, au na alopesia areata, ambapo kinga ya mwili hushambulia mizizi ya nywele na kuacha baka la mviringo lililo laini kabisa, au na usukaji wa kubana kupita kiasi. Mtu anaweza pia kuwa na hali mbili kwa pamoja, na mwasho wa fangasi au wa mba ukawa ndio unaoviita vidole kichwani. Daktari akikagua kwa kioo cha kukuzia huona tofauti, kwa kuwa kwenye baka la anayejinyonyoa huwa zimebaki nywele za urefu mbalimbali, nyingine zimekatika karibu kabisa na ngozi. Mweleze ukweli tangu mwanzo. Ukimficha utarudi nyumbani na dawa ya ugonjwa usiokuwa nao. Wahenga walikwisha kusema kwamba mficha uchi hazai.

Jambo la pili ni huo mzizi unaoung'ata. Wengi hufanya hivyo, na hakuna mtaalamu wa fani hii atakayekushangaa. Ninachotaka kujua ni kama kuna nyakati unaumeza unywele wote. Nywele hazisagiki tumboni, na zikimezwa kwa miezi au miaka zinaweza kujikusanya zikawa bonge linaloziba tumbo au utumbo, ambalo likiwa kubwa huondolewa kwa upasuaji. Maumivu ya tumbo yasiyoisha, kichefuchefu, kutapika, kushiba baada ya kula kidogo na kupungua uzito bila sababu ni dalili za kukupeleka hospitali bila kuahirisha. Ukifika huko, litamke mwenyewe neno "nywele", maana anayekupima hatalifikiria asipoambiwa.

Sasa turudi kwenye mkono. Kuna namna mbili za kunyonyoa, na wengi wanazo zote mbili. Ya kwanza ni ya kutojitambua. Mtu ameketi akisoma, kiwiko kimeegemea mkono wa kiti, na kwa kuwa kiwiko kimeegemea, kiganja kimejikuta karibu na kichwa kikiwa hakina kazi. Vidole vinagusa, vinapapasa, vinazipita nywele laini hadi vinapokutana na ule unywele mmoja uliojikunja au mgumu kuliko wenzake. Vinautenga, vinauzungusha, vinauvuta. Unatoka na mzizi wake. Unaviringishwa kati ya kidole gumba na cha shahada, unapitishwa juu ya mdomo wa chini ambako unyevu na ubaridi wake unasikika, kisha unaangushwa na mkono unapanda tena. Muda wote huo macho hayajatoka kwenye ukurasa. Namna ya pili ni ya kukusudia: mtu anajua anachokifanya, pengine amesimama mbele ya kioo akisaka unyusi ulioota kombo, au amebeba tangu jioni hamu inayozidi kupanda, na ananyonyoa ili ishuke. Nywele za utosini ulizozikuta mapajani zinaelekea kuwa za namna ya kwanza. Nyusi, nadhani, ni za namna ya pili. Nakuomba uzitenganishe akilini mwako, kwa kuwa dawa zake hazifanani.

Kuna jambo ambalo watu hulisema mwisho kabisa, baada ya vikao kadhaa na kwa sauti ya chini: kwamba wanaponyonyoa wanasikia raha. Wengine husikia utulivu, wengine kuridhika kwa kupata unywele waliokuwa wakiutafuta, na wengi hawasikii maumivu yoyote. Aibu ya raha hiyo huwa nzito kuliko aibu ya upara wenyewe, jambo ambalo binafsi naliona kuwa dhuluma ambayo mtu anajifanyia. Hapa ndipo hali hii inapotofautiana na ya mtu anayenawa mikono mara mia kwa hofu ya uchafu. Yule hana starehe yoyote, anaikimbia hofu tu. Inatofautiana pia na kujidhuru kwa kusudi, kwani anayejinyonyoa hana nia ya kujiumiza. Kwake, kunyonyoa ni njia ya kurekebisha hali ya mwili: humtuliza aliyejaa mvutano, na humchangamsha aliyechoshwa na utulivu uliozidi. Ubongo unaopata huduma hiyo kwa miaka 19 hauwezi kuiacha kwa kuambiwa "acha"; unahitaji kupewa njia nyingine ya kufika palepale.

Njia yenye ushahidi mzuri kuliko nyingine zote hadi leo ni tiba ya kugeuza mazoea, iliyobuniwa na wanasaikolojia wa Marekani Nathan Azrin na Gregory Nunn, ambao waliichapisha mwaka 1973. Hufanyika vizuri zaidi ukiwa na mtaalamu, lakini msingi wake unaeleweka na unaweza kuuanza nyumbani.

Wiki ya kwanza usijaribu kuacha. Najua agizo hili linashangaza, ila nina sababu. Kazi yako ya wiki hiyo ni kuandika. Kila unapojikuta umenyonyoa, au umegusa tu kwa nia hiyo, andika mara moja mahali ulipo, saa, unachofanya, ulivyokaa, mkono uliotumika, kile vidole vilichokuwa vikitafuta, ulivyojisikia kabla na baada, na unywele uliufanya nini. Usihesabu nywele, hesabu hiyo haina la kukufundisha na inazidisha huzuni. Baada ya siku chache utaona kwamba matukio yanayoonekana kuzuka popote yana makao yake, pengine mawili au matatu tu.

Kisha chukua tukio moja na ulisome kwa kurudi nyuma. Tuseme ni la usiku. Unyusi umetoka. Kabla ya hapo kidole kilikuwa kinapita juu ya nyusi kikitafuta mahali penye ncha. Kabla ya hapo kiganja kilikuwa kimelala shavuni. Kabla ya hapo kiwiko cha kushoto kilikuwa kimewekwa juu ya mto, simu ikiwa mkono wa kulia. Kabla ya hapo mtoto alikuwa amelala, nyumba imetulia, na wewe umepanda kitandani ukiwa umechoka lakini hutaki siku iishe kwa sababu hii ndiyo saa yako peke yako. Huo ni mnyororo wenye pete nyingi, nawe miaka yote umekuwa ukijaribu kuukata kwenye pete ya mwisho, iliyo ngumu kuliko zote. Kuuachia unywele uliokwisha kutengwa kati ya vidole viwili kunahitaji ushujaa. Kukiondoa kiwiko juu ya mto hakuhitaji ushujaa wowote. Soma usiku ukiwa umekaa wima kwenye kiti kisicho na mikono, au ishike simu kwa mikono yote miwili, na pete tatu zitakuwa zimekatika kabla hamu haijaamka.

Kwa pete za katikati kuna kinachoitwa kitendo pinzani, yaani kitendo ambacho kikiendelea, kunyonyoa hakuwezekani. Kinachofundishwa zaidi ni hiki: unashusha mikono pembeni mwa mwili au mapajani, unakunja ngumi kwa kukaza kiasi bila kujiumiza, na unabaki hivyo kwa dakika moja hadi tatu, au hadi hamu ipungue, huku ukipumua taratibu. Kinafaa kwa kuwa kinaweza kufanyika kazini, kwenye gari au katikati ya watu bila yeyote kujua. Kifanye mara tu mkono unapoondoka mapajani, usingoje ufike kichwani. Ukiwa umechelewa na umekwisha kunyonyoa, kifanye vilevile, maana mwili unajifunza kwamba baada ya kunyonyoa kinachofuata ni ngumi, wala haurudi kwenye unywele wa pili. Kifanyie mazoezi pia nyakati usizo na hamu yoyote. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni la mtu kuikunja ngumi kwa hasira, kana kwamba anauadhibu mkono. Adhabu huongeza mvutano, na mvutano ndio uliouleta mkono kichwani. Kwa sababu hiyohiyo siungi mkono mtindo wa kuvaa mpira mwembamba kwenye kifundo cha mkono na kujichapa nao.

Vidole vinavyotafuta kitu kigumu au chenye ncha vinaweza kupewa kitu hicho mahali pengine: brashi yenye nyuzi ngumu, kipande cha kamba yenye mafundo, sifongo kavu. Mdomo uliozoea mzizi unaweza kupewa kitu cha kutafuna. Sharti la vitu hivi ni kwamba vikae palepale unaponyonyolea. Brashi iliyo kwenye droo ya chumba kingine haimsaidii mtu aliye kitandani.

Yapo mazingira pia. Kwa ile namna ya kutojitambua, kinachofaa ni kila kitu kinachoufanya mkono ujisikie unapopanda: plasta kwenye kidole gumba na cha shahada, glavu nyepesi usiku, nywele zilizofungwa au kupakwa mafuta zikateleza, au bangili inayotikisika. Vipo hata vifaa vya kuvaa mkononi vinavyotetemeka mkono unapofika kichwani, na kwa baadhi ya watu vinasaidia. Kwa namna ya kukusudia, mambo hayo yote hayafui dafu, kwa kuwa mwenye nia atabandua plasta. Hapo shughulika na kioo, mwanga na vifaa. Kioo cha kukuzia kitoke nyumbani. Taa kali ya bafuni ibadilishwe. Kibano cha nyusi kikabidhiwe kwa mtu, au kitupwe. Weka muda wa kukaa mbele ya kioo, dakika chache za kujiandaa na kutoka, mlango ukiwa wazi. Kuhusu kunyoa kichwa chote, wapo waliofanya hivyo wakapata pumziko, lakini nywele zikirudi mkono nao hurudi, na pengine katikati hapo umehamia kwenye kope au nyusi.

Hata ukifanya yote hayo, hamu itakuja. Hamu hupanda, hufika kileleni na hushuka yenyewe hata usipoitii, na wengi hawajui hilo kwa sababu hawajawahi kuisubiri ishuke. Jaribu mara moja kukaa nayo: iseme ilipo mwilini, kama ni mwasho wa utosi, joto la vidole au kubanwa kifua, na uiache iwepo bila kuibishia. Kuibishia kunaipa nguvu. Angalia pia sentensi mbili zinazoandamana nayo. Moja ni "ni huu mmoja tu, haufanani na wenzake". Nyingine huja baadaye: "leo nimeshaharibu, nitaanza upya kesho". Ya pili ndiyo ghali zaidi, kwa kuwa unywele mmoja hauachi baka kichwani. Baka huachwa na saa mbili zinazofuata baada ya mtu kujiruhusu.

Hapa narudi kwenye kipimo. Acha kuhesabu siku. Anayehesabu siku akifika ya 18 na kunyonyoa nywele tatu, kwa hesabu yake amerudi sifuri, sawa na aliyenyonyoa usiku kucha, na mtu aliyerudi sifuri hana cha kulinda. Badala yake andika kila jioni ulijigundua kwenye pete ipi. Mwezi wa kwanza pengine utajigundua nywele zikiwa mapajani; baadaye kidole kikiwa kwenye unywele; baadaye kiganja kikiwa shavuni; na ipo siku utajikuta unahamisha kiwiko kabla ya kuwaza lolote. Hayo ndiyo maendeleo hasa, hata kama katikati kuna usiku mbaya. Hali hii kwa watu wengi huja na kuondoka kwa vipindi, na hurudi nyakati za msongo, mabadiliko ya homoni au uchovu. Anayelijua hilo mapema huitazama marejeo yake kama taarifa: pete gani imejiunga tena, na kwa nini sasa.

Umeuliza kuhusu dawa. Hadi leo hakuna dawa iliyoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mahsusi kwa trikotilomania. Dawa za sonona ambazo madaktari wengi huziandika kwanza hazijaonyesha nguvu ya kutosha dhidi ya kunyonyoa kwenyewe, ingawa zinaweza kuwa na maana kubwa kama una sonona au wasiwasi uliopitiliza vinavyoandamana nayo, jambo ambalo si adimu. Kuna N-asetilisisteini, kirutubisho cha asidi amino: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, asilimia 56 ya watu wazima walioitumia kwa wiki 12 walipata nafuu ya kuonekana, dhidi ya asilimia 16 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Utafiti wa mwaka 2013 kwa watoto na vijana haukuonyesha tofauti hiyo. Mwaka 2023 dawa nyingine, memantini, ilionyesha matokeo mazuri kwa watu wazima wanaojinyonyoa nywele au kujichubua ngozi. Yote haya ni ya kuzungumza na daktari, hasa kama una ujauzito, unanyonyesha au unatumia dawa nyingine. Na kwa maoni yangu kidonge kinapaswa kusaidiana na mazoezi, kwa kuwa hakikufundishi kuona kiwiko kilipo.

Kuhusu nywele zenyewe, unywele wa kichwani hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi. Kwa hiyo hata ukifanya vizuri sana, miezi ya mwanzo itakuwa ya vishina vifupi vinavyochoma vidole, na hicho ndicho kipindi cha hatari kuliko vyote, kwani vidole vyako vimefundishwa kupenda ncha. Jiandae kwa plasta na vitambaa katika miezi hiyo hasa. Nywele mpya zinaweza kutoka na rangi au ugumu tofauti. Mahali palipong'olewa mfululizo kwa miaka mingi mzizi unaweza kuwa umeharibika, na daktari wa ngozi ndiye atakayekueleza kama utosini pako bado pana uhai. Wigi au kitambaa wakati unasubiri si udanganyifu. Ni kinga kwa nywele na pumziko kwako.

Tumfikie mumeo. Sitakulazimisha kumwambia, lakini tiba niliyoieleza, baada ya kujigundua na kitendo pinzani, ina nguzo ya tatu, ambayo ni mtu mmoja wa karibu anayejua, na maisha ya kujificha yana gharama yake: kulikwepa joto la mkono wake kichwani, kutoogelea, kuogopa upepo. Chagua wakati ambao hamjagombana na hamna haraka, na useme kwa ufupi, kwa mfano: "Nywele zangu si dhaifu. Ninazinyonyoa mwenyewe tangu utotoni, mara nyingi bila kujua. Ni hali inayojulikana na inatibika, na nimeanza kuishughulikia. Sihitaji unizuie; nahitaji ujue." Maneno ya mwisho ni muhimu, kwa sababu mwenzi mwenye upendo, akishajua, hugeuka askari. Ataanza kusema "mkono!" kila unapojikuna, atakagua utosi asubuhi, na ndani ya wiki mbili utakuwa unanyonyolea chooni. Kubalianeni alama moja mliyoichagua pamoja, labda kukugusa bega au kukupa ile brashi, na asitumie nyingine. Asikupongeze kwa nywele zilizoota bali kwa kujigundua mapema, kwa kuwa kuota kwa nywele hakuko mikononi mwako. Na usiku mbaya asiulize kwa nini.

Binti yako, kwa maelezo uliyotoa, hanipi hofu kubwa. Watoto wengi chini ya miaka 5 husokota na kuvuta nywele wanaposinzia, mara nyingi pamoja na kunyonya kidole, na kwa wengi hukoma bila tiba. Ni kweli kwamba hali hii huonekana zaidi katika baadhi ya familia, lakini mwelekeo wa kurithi si hukumu, wala hujamfundisha kwa kutazamwa. Usimkemee, usimpige mkono, na usimwonyeshe uso wa hofu. Mpe kitambaa laini au mwanasesere mwenye manyoya wa kushika anapolala, funga nywele zake au zipunguze, na uendelee na hadithi. Mpeleke kwa daktari ikiwa baka la upara linajitokeza, ikiwa anazimeza, au ikiwa jambo hili linamfuata mchana akiwa macho na linaendelea kwa miezi.

Mwisho, mtafute mtaalamu hata kama utaanza peke yako, na usichelewe ikiwa huzuni imekuwa ya kila siku au umewahi kuwaza kwamba heri usingekuwepo. Hilo linatibiwa kwanza, kabla ya nywele. Si kila mwanasaikolojia amefundishwa jambo hili, hivyo una haki ya kumhoji kabla ya kumlipa. Muulize kama amewahi kumtibu mtu anayejinyonyoa nywele, na angeanza na nini. Akikujibu kwamba mtatafuta kwanza jeraha la utotoni lililojificha, au kwamba unahitaji kujikaza tu, mshukuru na uendelee kutafuta. Akikuuliza mkono gani, saa ngapi, na kiwiko huwa wapi, rudi kwake wiki inayofuata na daftari lako.